Sahani ya Kibokoni

Niliipindua kwanza, ndiyo ada yangu,
nitazame kitako: alama ya buluu, karibu kufutika,
chembe za mchanga wa tanuri zimegandia ukingoni.
Bi Shekue akacheka. "Nyinyi wanunuzi
mwaanzia chini, kama mnunua kuku."

Ilikaa kwenye kidaka cha tatu,
kati ya saa iliyokufa na mrashi usio na kifuniko.
Maua mawili yasiyoota pwani, ndege mmoja, mkia umefifia;
ufa umeshonwa kwa pini nne za shaba,
kazi ya fundi wa Kuze: alidai rupia
akalipwa samli.

Nikataja bei. Kimya.
Nikaongeza.
Akalamba kidole, akasugua katikati,
pale buluu ilipochujuka:
"Hapa paliandikwa kombe.
Mamangu aliinywa Ayatul Kursi yote
usiku wa kunizaa mimi."

Kwangu Tudor nina sahani arubaini na moja
kabatini, nyuma ya kioo, kila moja na karatasi yake.
Sijui hata moja yao ililowa nini.

Nikaagana naye, mikono mitupu,
nikashuka ngazi nikinusa vidole,
nikitafuta zafarani.