Mkanda wa Tisa

Makopo kumi na moja ya bati yalishuka stesheni ya Tanga,
chaki ya mtu wa Madrasi ingali juu ya vifuniko.
Baba aliyasukuma kwa mkokoteni mpaka sinema.
Kumi, alisema, ni moshi na mvi.
Moja lina rangi.

Ndivyo walivyofanya kule, zama zile:
rangi ilikuwa ghali, ilipimwa kwa futi kama hariri,
ikatosha wimbo mmoja tu.

Aliyekodi ukumbi ni Thangavelu, karani wa mkonge wa Pongwe.
Sisi watoto tulidhani kapewa jina la mji wetu.
Kwao, alitueleza, thangam ni dhahabu.
Baba akacheka: Kumbe tajiri!
Mbona basi kodi ya Jumapili hujailipa?

Watamili wa Tanga nzima hawakujaza safu moja.
Viti vilivyobaki vilichukuliwa na Ngamiani:
wakata mkonge, makuli wa bandari,
mama na shoga zake juu, upande wa wanawake,
hawajui neno hata moja,
wanacheka pale Thangavelu anapocheka.

Saa nzima na zaidi, mvua ya kijivu.
Kisha baba akabadilisha mkanda
na mchezaji akageuka.

Ukumbi ukatulia kama maji ya mtungi.
Midomo ilikuwa na damu. Machungwa yalikuwa ya machungwa.
Dakika nne, halafu kijivu kikarudi,
watu wakapiga viti kwa visigino: Rudisha! Rudisha!
Baba akarudisha. Mara tatu.
Thangavelu alikuwa mbele kabisa, kichwa chini.
Ile ya tatu hakuitazama.

Usiku ule vita vikaanza nyumbani.
Mama: Sari yake ilikuwa kijani, kijani cha jani changa la mgomba.
Baba: Nili. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na taa.
Mama: Na taa ndiyo iliyokupofua, Semkiwa.
Waliigombania miaka thelathini,
kwenye wali, kwenye maradhi,
siku ya posa yangu, mbele ya wakwe.

Jana nilifungua kopo la Kimbo la marehemu.
Skrubu, kipande cha mkaa wa taa,
na vipande viwili vya mkanda, vya siku ulipokatika.
Niliviinua dirishani.
Cha mvi kingali vile vile, cheusi cheusi, cheupe cheupe.
Cha rangi kimeiva chote waridi, kama ufizi:
sari, mikono, machungwa, mbingu.
Rangi ndiyo iliyotangulia kuzeeka.

Mama haoni tena. Alisikia bati likilia.
Umekipata? Kijani, sivyo?

Nilitazama, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Kijani, mama.
Cha mgomba?
Cha mgomba.

Nilimwambia, akasema. Nilimwambia yule mtu.
Akapapasa ukingo wa khanga yake, polepole,
pindo lote, mpaka kona.
Au labda palikuwa na nili, akasema,
kidogo, huku chini.