Ufunguo wa Stoo

Namba yangu arobaini na saba, pini nne kifuani,
na shingoni, kwa kamba ya katani, ufunguo wa stoo,
maana sukari haina mwenyewe
na Betwel niliyemwachia jiko ana marafiki wengi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kihesa, mwezi wa sita.
Baridi ya Iringa haibishi hodi,
inaingia, inakaa, inaomba chai.
Tulikuwa sitini na mmoja. Nawajua kwa sahani zao.
Yule mrefu wa Sheria ni mtu wa ukoko.
Gaudensia wa Ualimu huchagua mawe kwenye maharage,
huyapanga ukingoni kama ushahidi.
Dokta Mdemu wa Takwimu, leo na kaptura mpya,
haombi nyongeza kamwe,
ila hurudi dirishani kusema amesahau chumvi.

Filimbi. Mlandege. Miyomboni.
Kisha mteremko wa Ipogolo, na mteremko, jamani, ni mkopo:
unaupokea unacheka.
Daraja la Ruaha Mdogo nililivuka nikiimba.
Utingo wa lori la Tunduma akachungulia,
"Mama, nani anakukimbiza?"
Nikamjibu, "Hamsini na mbili!"
Hakuelewa kuwa ni miaka.

Tanangozi ndipo pa kugeuzia: pipa la bluu,
mwanafunzi mmoja na orodha yake.
Akanipa robo ya chungwa
kwa mkono ninaoujazia wali miaka miwili sasa.
"Kula, mama," akasema.
Mimi. Naambiwa kula.
Nikafuta macho nikasingizia maji ya chungwa.

Baada ya thelathini hakuna mtu, kuna lami tu
na sauti ya ufunguo ukinigonga mfupa wa kifua,
ti, ti, ti, kama kuku anayedonoa bati.
Gaudensia nilimkuta juu ya jiwe la barabara,
kiatu mkononi, kucha imeng'oka.
Nikachana pindo la kanga yangu, nikamfunga kidole.
"Tangulia, mama. Nakuja."
Nilitangulia. Sikujivunia.

Halafu Ipogolo tena, na sasa mkopo unadaiwa, na riba yake.
Bibi wa nyanya akaniamkia, "Kamwene!"
nikakosa pumzi ya kuitikia,
kosa ambalo marehemu mama asingelisamehe.

Saa saba mchana, geti limefungwa.
Zamu imebadilika. Mlinzi Kihwele, mgeni wa wiki hii:
"Kitambulisho."
Nikamwonyesha kifua. "Hiyo karatasi tu, mama."
Kilomita arobaini na mbili ziko mgongoni,
na mbele yangu, nyuma ya nondo,
zile mita mia moja tisini na tano
ambazo hakuna aliyewahi kunieleza ni za nini.
Nikavuta kamba shingoni, nikamwinulia ufunguo
nikiwa sina neno lingine.

Ndani huko mtu akapiga yowe, "Umekuja! Ufunguo umekuja!"
Chuo kizima kilikuwa kimepanga foleni bwaloni,
sahani mkononi, vijiko vikigonga sahani.
Washindi walishavishwa medali tangu saa nne,
wameoga, wana njaa.
Sijui wao walishangiliwaje.
Mimi nilishangiliwa na matumbo matupu,
na tumbo tupu halina unafiki.

Utepe ulishakatwa. Medali ziliishia mtu wa hamsini.
Nikapita katikati ya kelele hadi kwenye kufuli,
mkono ukatetemeka, tundu likanikwepa mara tatu,
Dokta Mdemu akanimulikia kwa simu
bila kutaja takwimu yoyote.

Nilikuwa napima mchele Gaudensia alipotokea mlangoni,
anachechemea, kidole ndani ya kanga yangu.
Nikamsogezea ndoo iliyopinduliwa, akae.
"Leo," nikamwambia,
"maharage nayachambua mwenyewe."