Milimita Nane

Chambersburg, Februari. Theluji imegeuka tope
nje ya ghala namba sita,
na ndani, shehena ya leo:
makasha ya gia arobaini na moja
yaliyofuliwa kabla sijazaliwa
kwa magari ya deraya
ambayo mengine bado yanatambaa.

Kazi yangu si kupiga chapa.
Hiyo ni ya mkono wa chuma, una viungo sita
na jicho moja la kioo.
Mimi nakwangua grisi iliyoganda,
naweka kasha, narudi nyuma ya mstari wa njano.
Jicho linatafuta mahali bapa,
leza inashuka, tsss,
harufu kama ya unywele ulioungua,
na pale panabaki kiraka cha vitone
kidogo kuliko kifungo cha shati.
Ndani yake, wanasema, mna kila kitu:
kiwanda, namba, hata swali ambalo hujauliza.
Sekunde tisini. Linalofuata.

Kabla ya mkono huu alikuwepo Merle Diehl,
na nyundo, na herufi za chuma katika kibweta.
Miaka thelathini na mitatu aligonga moja moja.
Saba zake zote zimelala kidogo; nazijua
kama unavyojua mwandiko wa ndugu.
Siku ya kuondoka alinikabidhi kibweta.
Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa,
nikamwambia; akataka nimfasirie, nikashindwa,
nikasema tu, "Kamba ni kamba."
Akacheka kama aliyeelewa.

Leo kasha la kumi na tisa limekataliwa.
Skrini nyekundu: USO UNA KASORO.
Nikalipindua chini ya taa.
Pale pale panapotakiwa chapa
mtu alikwaruza kwa msumari, au kwa ncha ya kisu:
R.T., na vijistari kumi na vinne,
cha mwisho kifupi, kana kwamba aliitwa.

Mwongozo unasema: saga, sawazisha, rudia.
Jiwe la kusagia liko kushoto kwangu. Dakika mbili.
Jina jema hung'aa gizani, walitufundisha;
hawakusema lolote juu ya jina
lililokaa ndani ya grisi miaka hamsini.

Nikaufundisha mkono upya.
Milimita nane kulia,
kwenye ukingo mwembamba usiopendwa na jicho.
Mara ya kwanza likakataa. Ya pili likakataa.
Foleni ikasimama dakika kumi na moja
mpaka Bi Gantz akaja na kikombe chake.
"Vipi?"
"Uso haukuwa sawa," nikasema,
na huo haukuwa uongo.
Ya tatu, tsss.
Kitone kwa kitone, jirani na R.T., bila kumgusa.

Saa kumi, langoni, nikabonyeza kadi
iliyoandikwa MWANAMVU,
kwa kuwa fomu yao ilikuwa na visanduku vinane
na mama yangu hakuhesabu herufi
mvua ilipokuwa ikinyesha.

Sasa kibweta kiko mezani, kando ya sahani.
Herufi za kugongea huchongwa kinyume:
R inatazama ilikotoka,
N imejikunja upande usio wake.
Ila A. A haina kinyume.
Nimeishika. Ni baridi, nzito kuliko nilivyodhani.
Nyundo ninayo.
Sijajua niigonge wapi.