Kanisa Juu ya Matango

Mjane Godelieve aliviuza vioo vya marehemu mpiga picha
franka tatu kwa kasha, kama chupa tupu.
Babu akaezekea kitalu chake, nje kidogo ya Ghent,
akikwangua dawa kwa kisu ili jua lipite.
Viwili vitatu alivisahau.

Basi tukapalilia chini ya minara:
anga nyeusi tititi, milango myeupe pe,
madirisha yaking'aa kama meno.
Kanisa lenyewe lilibomolewa zamani kupisha reli,
lakini kila saa nne asubuhi
lilitambaa juu ya matango, jiwe kwa jiwe,
likanipanda mkono hadi kiwiko.

Ngazini palikuwa na ukungu, mdogo kama kidole gumba.
"Doa," alisema babu.
Mama alisema ni mtu aliyeshindwa kutulia.

Kila kiangazi jua na unyevu vilimega:
msalaba kwanza, halafu saa ya mnara.
Leo, nina miaka themanini,
wamekuja wa makumbusho na glavu zao
kuulizia kilichobaki.
Nimewapa kioo.
Ngazi hazipo tena.
Ukungu upo.

Kwenye lebo wameandika: doa.