Je, Wanazikana?

Kibubu tulikivunja Jumapili, baada ya chai,
juu ya kanga kuukuu, hapa hapa Magomeni Mapipa.
Sarafu zikakimbilia uvunguni mwa kabati
kama watoto wanaolijua kosa lao.
Miaka mitatu ya kupita mbele ya chipsi bila kugeuza shingo,
ya kumwambia fundi, gauni hili libanebane tu, litafaa.
Tukahesabu mara mbili. Hizza akahesabu ya tatu,
maana huamini vidole vyake tu.

Morisi, tukasema. Mwezi wa nane.
Hizza alishaazima kitabu cha wasafiri kwa mwenzake wa bandarini,
kimekunjwa masikio kila penye habari za chakula.
Akatusomea kwa sauti ya taarifa ya habari:
hapa hekalu, hatua mia msikiti,
ng'ambo ya barabara kanisa la mawe meusi,
nyuma yake Mchina anauza achari ya Kihindi
kwa Kikrioli, lugha iliyookotwa kwenye miwa,
kipande kwa kipande,
na watu waliokatazwa kusema zao.
Nasra akachora kisiwa
nyuma ya mtihani wa hesabu ambao hakutuonyesha.
Mdogo wake aliuliza tu kama kuna bembea.

Bi Siwatu, mamamkwe, alikuwa mlangoni na ungo wa mchele.
Hakuinua uso.
"Hao wote," akasema, "Wahindi, Wachina,
Waafrika, na hao Wafaransa wenu,
wanazikana?"

Hizza akafunua nyuma ya kitabu, kidole kikashuka:
mabasi, maduka, maporomoko ya maji.
Maziko hayakuwemo.

"Kula pamoja si kitu," akasema, akirusha chuya uani,
"mimi na paka tunakula samaki mmoja.
Na ngoma ya mwenzio, mwenye kiuno ataicheza.
Nauliza jeneza hushikwa na nani."

Halafu, kama anayeendelea na mazungumzo ya jana:
"Baba alipokufa tulikuwa Kariakoo, mvua imekata njia.
Sanda ilitoka dukani kwa Jivraj, kwa mkopo,
na deni lile halijadaiwa mpaka leo.
Kaburi walichimba Wamakonde wawili, wapangaji wa chumba cha nyuma.
Ndugu zetu wa damu, wa Ilala,
walifika wali umeshaiva.
Sisi wanawake hatuendi makaburini, kaka ndiye aliyenisimulia:
Pinto, yule Mgoa wa duka la dawa, Mkristo,
alisimama nje ya ukuta, kofia mkononi,
viatu vimemezwa na tope,
mpaka talakini ikaisha."

Akachambua kidogo.

"Jivraj waliondoka mwaka ule wa majumba.
Duka lao sasa wanauza kava za simu.
Hatukuwaaga vizuri. Wengine tulichungulia tu dirishani
masanduku yakipakiwa.
Hilo nalo kitabu chenu kiandike."

Hakuna aliyejibu. Friji ikakohoa, ikanyamaza.
Hizza akachukua kalamu,
akakata siku mbili za hoteli ya ufukweni,
akakata safari ya mashua ya sakafu ya kioo,
na kwa mwandiko wake ule wa risiti akaandika:
watu watano.

"Nani kasema naenda?"
Mchele ulikwisha kutakata, ungo bado unacheza.
"Huko mwezi wa nane kuna baridi?"

Upepo, nikasema. Kitabu kinasema upepo.

"Basi nitachukua sweta la kijani. Na kiti cha dirishani.
Msinianzishie baharini, bahari ninayo.
Nipelekeni makaburini kwao, asubuhi, jua halijakuwa kali.
Sitaingia.
Nitasimama nje ya ukuta, kama Pinto,
nisome majina yatakayofika machoni."