Peni Mbili za Baki

Daftari ya mnara niliishika mimi, Thirza Yeo,
Marlacombe, Devon, majira ya baridi baada ya vita,
kwa kuwa mwandiko wa Hosea mhunzi
ulikuwa nyayo za kondoo topeni.

Kengele saba, na ya nane, nzito, ya kufunga mstari.
Zile saba hubadilishana nafasi, jirani kwa jirani,
wala mpango uliokwisha kulia haurudi.
Moja mara mbili mara tatu, endelea hadi saba:
elfu tano na arobaini.
Saa tatu na ushei za kamba na jasho,
viganja vyachubuka, na hakuna ruhusa ya kwenda haja.

Sasa anzia saba, panda juu:
saba mara nane mara tisa mara kumi.
Utatokea palepale.
Nyumba moja, ngazi mbili.

Ni namba karimu. Waje wawili, watatu, wanne,
waje hata kumi, kila mmoja atapewa fungu kamili;
na kumi na wawili nao watashiba.
Vigawanyo sitini, nilivihesabu kwa penseli
mshumaa ukijililia.
Kumi na moja tu ndiyo hugonga mlango
ikaondoka na makombo mkononi.

Ambrose Luscombe, mfuga kondoo, alipokufa
alituachia wapiga kengele pauni ishirini na moja,
"zigawanywe sawa, hata peni isigombaniwe."
Pauni ni peni mia mbili na arobaini. Zidisha mwenyewe.
Nilicheka pale pale kanisani.
Wosia aliuandika kabla ya vita,
wapigaji walipokuwa kumi na wawili:
mia nne na ishirini kila mtu, kwisha maneno.

Kisha Jabez, kaka yangu, hakurudi.
Wilmot Crocker hakurudi.
Kumi. Mia tano na nne kila mtu, bado sawa.
Wa kumi na moja ni mimi,
niliyeshika kamba ya Jabez ingali na alama ya vidole vyake.

Walinitazama. Hakuna aliyesema.
Kasisi akakohoa: kumi na mbili, wapenzi, hugawika vizuri,
naye alikuwa amesimama pale pale, mikono wazi.
Hosea akatema mate nje ya dirisha.
"Binti kavuta saa tatu. Gawa."

Nikagawa: mia nne hamsini na nane,
mara kumi na moja,
zikabaki mbili.

Mbili.
Kasisi alitaka zitiwe sandukuni.
Nilizichukua nikaziweka kwenye kizingiti cha dirisha la mnara,
uso wa mfalme juu, zimekaribiana
kama zinavyowekwa machoni pa mtu.
Kina Jabez hatukuwaona macho.

Zikaota kutu ya kijani. Miaka ikaenda.
Pasaka iliyopita mtoto wa Pethick aliiba moja,
akanunua peremende, akaja kutubu ulimi mwekundu.
Sikumchapa.
Ila usiku nilifungua daftari, nikaandika
elfu tano thelathini na tisa,
nikaijaribu kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu,
nikapanda taratibu mpaka karibu na sabini.
Haikubali. Haigawiki kwa yeyote
ila kwa moja, na kwa nafsi yake.

Nikazima mshumaa.
Kesho kuna mazoezi, na kamba ya tatu inataka kushonwa.