Mengineyo

Miaka ishirini na sita nimebeba karatasi za bango
nimezikunja kama jamvi la msibani,
kalamu za wino mzito mfukoni, ile nyekundu ikivuja
na kuacha doa kila shati, mahali pa moyo.
Mke wangu akafua, akachoka: "Kazi yako inakutoa damu."

Nilifundisha akidi. Nilifundisha muhtasari.
Nilifundisha tofauti ya mwenyekiti na kiti.
Soni, ukumbi wa kanisa, mvua juu ya bati,
sheria ya serikali za mitaa nikaisoma kwa kupiga kelele
kama dalali wa samaki.
Handeni, diwani aliyesaini posho mara mbili,
ya pili kwa mkono wa kushoto.
Mkinga, Mtendaji Chirau, hana ofisi,
mhuri wa kijiji anaulaza mfukoni pamoja na kitana;
aliponigongea barua ya safari
unywele wa mvi ulinasa ndani ya duara.

Uongozi ni dhamana, naandika, napigia mstari.
Nao wanaandika, wanapigia mstari.
Inafika chai ya saa nne, viazi vitamu, vitumbua,
dhamana inabaki ukutani, kona moja imebanduka.

Pangani, usiku, nyuma ya jiko la nyumba ya wageni,
mtendaji mmoja alinikuta nikiosha miguu.
Hakunitazama. Alisema na ndoo:
"Mwalimu, umetuambia tubandike mapato na matumizi.
Sasa mimi niliyekwisha kula,
nibandike nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Moduli ya nne, ukurasa wa kumi na mbili.
Nikamsomea kwa kichwa, lote, mpaka nukta.
Akasema ahsante, akaichukua ndoo akaimwaga.
Mguu mmoja ulikuwa bado una povu.
Mwaka uliofuata jina lake halimo kwenye mahudhurio.
Sikuuliza.
Nilihesabu vichwa; akidi ilitimia.

Sasa nimestaafu, niko Makorora.
Mkutano wa mtaa, viti vya plastiki vya kukodi,
kimoja bado kina utepe wa harusi.
Mwenyekiti ni Mwanakombo Singano:
nilimfundisha siku tatu Muheza, alikaa nyuma, ananyonyesha.
Ajenda ni taka. Mimi nikanyoosha mkono kwa habari ya mfereji
unaorudisha maji chumbani kwa jirani yangu.
Nikaanza, "Kama mnavyonifahamu, mimi..."
Akagonga meza kwa kizibo cha chupa.
"Mzee Mhina, hilo silo tunalojadili. Subiri mengineyo."

Watu wakaguna. Kijana akapaza sauti: "Mwalimu wako huyo!"
"Ndiyo maana," akasema,
akafunua ukurasa.

Nikakaa. Saa nzima na robo nilikaa,
mikono mapajani, mwanafunzi,
mimi niliyewaambia maelfu kwamba mengineyo
si kapu la makombo,
kwamba mara nyingi kikao chenyewe huanzia hapo.

Alipoliita jina langu nilisimama.
Mfereji ulikuwa palepale, kwenye ncha ya ulimi.
Kilichotoka kilikuwa kingine:
"Palikuwa na mtu, Pangani. Aliniuliza swali
nikampa ukurasa."

Kimya. Mtoto akadondosha kikombe.
Nilidhani atanikatiza; ningekuwa mimi ningekatiza.
Akatazama saa, kisha akamgeukia katibu: "Andika."

"Jina lake?" katibu akauliza, kalamu hewani.

Nikalitaja,
herufi moja moja.